Hasomi, Anasomewa

Jumapili ile Shangazi alikuja na mfuko wa dagaa wa Kigoma na fungu la ndizi mbivu, na kama kawaida yake hakupiga simu kwanza. Alinikuta jikoni nakuna nazi. Babu alikuwa kalala chali kwenye mkeka wa sebuleni, miguu kaiegemeza ukutani, kishikwambi kifuani, macho kwenye feni ya dari.

Sauti iliyokuwa ikitoka kwenye kile kishikwambi, kwa mtu asiyeizoea, ni fujo tupu. Ilikuwa inasoma mzunguko wa damu, Baiolojia ya kidato cha pili, kwa kasi ya mnadi samaki wa Feri boti zinapoingia alfajiri.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba baba. Unafanya nini?"

"Nasoma."

Shangazi hakusema kitu. Aliweka viatu vyake pembeni, akanifuata jikoni, akachambua dagaa kidogo, akawasha bomba kuosha mikono ingawa mikono haikuwa michafu. Bomba likiwa bado linamwaga maji ndiyo akaniambia:

"Wifi, huyu hasomi. Anasomewa."

Wiki saba zimepita. Nimefua nikilifikiria neno hilo, nimepanda daladala nalo, nimelala nalo.

Jina la baba yake

Babu ana miaka 16. Tunamwita hivyo kwa sababu amerithi jina la babu yake mzaa baba, na ndiyo maana Shangazi humwita "baba". Ni jina la baba yake mzazi. Kwa hiyo akimtazama huyu mtoto hamtazami mtoto peke yake.

Halafu Shangazi ni mwalimu. Kafundisha shule ya msingi miaka 31, mingi kati ya hiyo darasa la kwanza na la pili, kule kwenye ba, be, bi, bo, bu. Alistaafu kabla walimu hawajagawiwa vile vishikwambi vya Sensa ya 2022. Neno lile lingetoka kwa jirani ningelimeza na chai. Kutoka kwake liliniuma, kwa sababu sehemu moja yangu ilikuwa imeshalisema kabla yake.

Mnaosoma hapa siku nyingi mnajua tulivyofika kusomea nyumbani, sirudii. Wageni, itoshe kusema kwamba shule ilikuwa nzuri na mtoto alikuwa mzuri, na bado kila Jumatatu asubuhi alikuwa anatapika.

Alijificha ndani ya Kiswahili

Naulizwa sana: ilikuwaje mtoto afike kidato cha kwanza bila mtu kugundua kwamba ana disleksia, ile hali ya maandishi kumpa mtu shida ingawa akili anayo?

Alijificha ndani ya Kiswahili.

Lugha yetu haina hila kwenye maandishi. "A" ni "a" leo na kesho, iwe mwanzo wa neno au mwisho. Ukishazishika silabi, hata neno ambalo hujawahi kulisikia utalitamka. Babu alikuwa anatamka sawasawa, ila polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe baada ya jiwe. Tatizo ni kwamba maneno yetu nayo ni marefu. "Tutakapowatembelea" ni sentensi nzima iliyovaa shati moja. Akifika kwenye "lea", ile "tuta" imeshamponyoka. Lakini alifika. Kichwa chake ni chepesi, masikio yake makali, na mtihani wa darasa la saba una maswali mengi ya kuchagua. Akapita, tukachinja kuku.

Halafu kidato cha kwanza, masomo karibu yote yakahamia Kiingereza. Lugha ambayo "though", "through" na "tough" zinavaa sare moja lakini kila moja ina kwao. Mto uleule, mawe yameondolewa.

Usiku mmoja nikiwa sina usingizi nilikutana na utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kwenye jarida la Science. Walichukua watu wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza, wakawapima. Waitaliano, ambao maandishi yao ni manyoofu kama yetu, walisoma kwa usahihi kuliko wenzao wa zile lugha nyingine mbili. Lakini ubongo ulipopigwa picha wakati wa kusoma, wote walikuwa na upungufu uleule, sehemu ileile. Nililia, sitaficha. Mwanangu ni Mwitaliano aliyepelekwa Uingereza bila kuagwa.

Shule walimwita mzembe. Wenzake walimwita kilaza. Mimi, kwa kinywa changu, nilimwita mvivu, na siku moja nilimchapa kwa mwiko.

Ripoti ya mtaalamu ilikuja na kurasa nne za Kiingereza. Niliipiga picha ukurasa kwa ukurasa, simu ikamsomea mwenyewe, chumbani, mlango kaufunga. Alipotoka alisema, "Kumbe ina jina." Akanawa mikono, akala wali sahani mbili.

Mashine ya kwanza nilikuwa mimi

Miezi minane ya mwanzo, kabla ya ripoti ile, hapakuwa na programu yoyote. Nilikuwa namsomea mwenyewe. Nashika hesabu za maduka mawili ya Kariakoo, kazi ninayoweza kuifanya nyumbani, kwa hiyo asubuhi nilisoma Jiografia, mchana nikaingiza risiti, jioni nikasoma Historia huku nikikoroga uji wa mdogo wake. Kufika Alhamisi koo limekauka. Nilinunua tangawizi kwa kilo.

Hili nimelikumbuka wiki ya tatu ya kulala na neno la Shangazi, tena nikiwa kwenye foleni ya Buguruni, nikaketi wima kwenye kiti: wakati ule hakuna aliyesema "anasomewa". Shangazi huyuhuyu alikuwa ananisifu mbele ya wakwe. Mama mwenye subira. Mama wa peponi. Maneno yalikuwa yaleyale, kitabu kilekile, masikio ya mtoto yaleyale. Kilichobadilika ni koo.

Tena kwa Babu mimi nilikuwa mbaya kuliko mashine. Nilichoka. Nilipumua kwa nguvu akiniambia "rudia". Mara ya tano anaomba nirudie aya moja nilimuuliza, "Hivi unasikiliza kweli?" Mashine haijawahi kumuuliza hivyo. Anairudisha nyuma mara kumi na haina uso wa kukunja.

Kilichokuwa mfukoni

Jambo linalonichekesha na kunichoma ni kwamba dawa nilikuwa naitembeza kwenye mkoba miaka mitatu. Kwenye mipangilio ya simu za Android kuna sehemu imeandikwa Ufikivu. Nilikuwa naipita kama unavyopita mlango wa stoo kwenye nyumba ya watu. Ndani yake kuna kitufe cha kuifanya simu isome chochote unachogusa kwenye skrini. Bure. Sauti ya Kiswahili unaipakua mara moja, baada ya hapo inasoma hata bando likiisha.

Zipo sauti nzuri zaidi. Kwenye kivinjari cha Edge kuna Rehema na Daudi, wanaosoma Kiswahili cha Tanzania kwa utulivu wa watangazaji wa taarifa ya habari. Kuna hata sauti mbili za Kiingereza cha Tanzania, zinaitwa Elimu na Imani. Babu alichagua Imani. Aliniambia Wamarekani wanameza maneno. Lakini hizi za Edge zinataka intaneti muda wote, na kwetu bando lina ratiba yake kama maji ya bomba, kwa hiyo Imani ni wa mwanzo wa wiki.

Vitabu vyenyewe ndiyo kazi. PDF nyingi tunazorushiana kwenye makundi ya WhatsApp ni picha za kurasa, mtu kapiga kwa simu, kidole gumba chake kinaonekana pembeni. Simu ikiangalia picha haioni maneno. Inabidi uipitishe kwanza kwenye programu ya kutoa maandishi kwenye picha, nami natumia Google Lens, ndipo upate kitu cha kusomeka. Jumamosi usiku ndiyo kiwanda changu.

Nilijaribu pia ile fonti maarufu ya OpenDyslexic, herufi zake zina uzito chini. Niliipakua kwa matumaini makubwa. Babu akatazama, akasema, "Mama, hizi herufi zimevimba miguu." Hakusoma haraka zaidi hata kidogo, na watafiti walioijaribu kwa watoto hawakupata tofauti ya maana. Kilichomsaidia ni kitu rahisi zaidi: kutawanya herufi. Kuna utafiti wa 2012 uliofanywa kwa watoto wa Italia na Ufaransa ulioonyesha kwamba nafasi kati ya herufi ikiongezwa sana, wenye disleksia husoma haraka zaidi na makosa hupungua. Haihitaji kununua chochote. Unafungua maandishi kwenye kompyuta, unayapanua, unachapisha pale kwa mchapaji wa mtaani, naye anakuuliza kwa nini unapoteza karatasi.

Lakini ninayempenda kuliko wote ni mzee wetu wa kompyuta mpakato. Kompyuta ni chakavu, nilipewa na duka moja badala ya malipo ya mwezi. Niliiwekea NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzwa mwaka 2006 na kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, na mpaka leo haiuzwi, inatolewa bure. Inakuja na sauti iitwayo eSpeak, ya kiroboti kabisa, kama mtu anayezungumza akiwa ndani ya pipa. Kiswahili inakijua kwa kanuni tu: herufi hii, sauti hii.

Siku moja Babu alisahau kubadilisha lugha. Sauti ya Kiswahili ikaanza kusoma Kiingereza. Ikasoma "knife" kama "kinife". Ikasoma "island" na ile "s" yake yote. Nikakimbilia kurekebisha. Akanishika mkono.

"Iache. Hii ndiyo inasema wanavyoandika."

Nilikaa kimya. Imani anamwambia neno linavyosikika. Mzee wa ndani ya pipa, kwa ujinga wake wa Kiingereza, anamwambia neno linavyoandikwa. Babu sasa anajifunza tahajia kwa kuwasikiliza wote wawili, mmoja baada ya mwingine: "naifu, kinife". Nimetafuta mbinu hii mahali pengi sijaiona. Kaigundua mwenyewe. Sasa nani alikuwa anamsomea nani siku ile?

Dawa ya mende

Upande wa kuandika ni hadithi nyingine. Google walianza kupokea Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017, na kwa Babu hiyo ilikuwa kama kufunguliwa kamba. Kwa kalamu anatoa mistari minne kwa saa. Kwa mdomo anatoa kurasa. Hakuna nukta, hakuna mkato, hakuna aya, maneno yote yanakuja yameshikana mikono kama watoto wa chekechea wanaovuka barabara, lakini mawazo yamo.

Nilimpa kazi ya Historia kuhusu Vita vya Majimaji. Akaifanya kibarazani, maana ndani kuna joto. Aliieleza vizuri sana, 1905, Kinjekitile Ngwale pale Ngarambe, watu wakimiminika kuchukua maji. Jioni nikafungua kazi yake. Imeandikwa, neno kwa neno: "watu wakaamini wakipata dawa hiyo risasi za Wajerumani zitageuka maji dawa ya mende dawa ya panya dawa ya kunguni chawa viroboto mia tano mia tano".

Yule kijana wa spika alikuwa amepita mtaani.

Tulicheka mpaka mdogo wake akaamka. Alama ya juu nilimpa, na ile dawa ya kunguni sikuifuta, iko kwenye faili lake mpaka leo.

Shangazi hakukosea yote

Sasa nirudi kwake, maana nikimwacha hapo nitakuwa nimemwonea.

Mwezi jana Babu aliletewa ujumbe kwenye simu. Ile yetu inayojulikana: tuma kwenye namba hii, jina litatokea fulani. Wewe ukiuona ujumbe wa matapeli unaujua kabla hujaumaliza. Herufi kubwa zimekaa pasipotakiwa, neno limekosewa, namba ya ajabu. Macho yanasema hapana. Lakini Babu hakuuona. Aliusikia. Na sauti ya simu inasoma kila kitu kwa heshima moja, ujumbe wa benki na ujumbe wa mwizi. Makosa yote yalikuwa yamefuliwa na kupigwa pasi. Alikuja kuniuliza kama baba yake kabadilisha namba.

Hapo ndipo nilimwelewa Shangazi kwa mara ya kwanza. Kuna vitu vinakaa kwenye maandishi tu, na sauti inavimwaga njiani.

Na kuna umeme. Kuna siku uliondoka saa nne asubuhi ukarudi saa tatu usiku. Kishikwambi kilizimika saa nane. Babu alikaa na kitabu cha Fizikia mapajani kama mtu aliyeshika barua ya mtu mwingine.

Na kuna swali ambalo sina jibu lake: macho yasipotumika, si yanalala? Huwa namtazama akipita mjini. Dar inamsomea. Makonda wanaita vituo, na daladala zina mistari ya rangi ubavuni inayotambulisha njia zake, kwa hiyo anaijua ya kwake kwa rangi kabla haijasimama. Anaweza kutoka Tabata mpaka Kariakoo, akaninunulia chaja Mtaa wa Aggrey, akarudi na chenji kamili, bila kusoma neno. Zamani nilikuwa naona huo ni ujanja. Siku hizi namwona na kujiuliza kama nimemsaidia kuujenga ujanja, au nimemsaidia kuikimbia kazi.

Tuliongea. Nilitegemea atanuna. Akasema yeye mwenyewe amekuwa akiogopa hilo. Tukakubaliana: kila siku kurasa mbili kwa macho, zilizotawanywa herufi, bila sauti, bila mimi. Zinazobaki kwa masikio. Kurasa mbili zinamchukua saa nzima, na zikiisha shati limelowa.

Barua za Bibi

Mama yangu yuko Utete. Nilimpigia kumsalimia, mazungumzo yakaenda yakarudi, nikamweleza neno la Shangazi. Bibi wa watu alisoma kisomo cha watu wazima miaka ya sabini, akaishia kuandika jina lake na kutambua mabasi. Alinyamaza, nikadhani mtandao umekata.

"Baba yako alipokuwa kibarua Dar," akasema, "barua zake nani alikuwa ananisomea?"

Nilijua. Alikuwa mtoto wa jirani, wa darasa la nne. Mama anaikumbuka barua moja mpaka kesho, anaweza kukutajia kitenge cha rangi gani kilichoahidiwa na hakikuletwa.

"Nilisomewa," akasema. "Lakini barua ilikuwa yangu, na kitenge nilikidai mimi."

Akauliza bei ya mchele Dar, tukaagana.

Tangu hapo nimekuwa nalitazama lile neno letu. Kusoma. Ukimkuta kijana njiani unamuuliza, "Unasoma wapi?" na hakuna anayedhani unauliza kuhusu macho na karatasi. Anasoma sekondari, anasoma udaktari, kasoma mpaka Urusi. Kutazama maandishi na kuelimika tumevipa neno moja. Sijui lugha nyingine zinafanyaje, na hili ni neno zuri, silaumu. Ila nadhani humo ndimo Babu alimozama. Alishindwa kusoma kwa maana moja, tukamwandikia ameshindwa kwa maana zote mbili.

Shangazi alitumia maana moja. Babu, pale mkekani, alimjibu kwa maana ya pili. Wote walikuwa wanasema kweli, na mimi katikati nimeshika mbuzi ya nazi.

"Haoni? Anaona"

Mtihani hausubiri falsafa yangu.

Kwa aliyetoka kwenye mfumo kama yeye, njia ni kuanza na Mtihani wa Maarifa, ukipita ndipo unajisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilienda kwenye kituo kimoja kuuliza. Msimamizi alikuwa mtu mstaarabu, alinipa kiti.

"Mtoto ana mahitaji maalumu," nikaanza.

"Haoni?"

"Anaona."

"Hasikii?"

"Anasikia vizuri sana."

"Anatembea?"

"Kaja kwa miguu, yuko hapo nje."

Akaweka kalamu chini. "Sasa mama, ana nini?"

Simlaumu. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za nukta nundu kwa wasioona na za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, na mtu yeyote akimwona mtahiniwa wa aina hiyo anaelewa sababu. Huyu wangu haonyeshi kitu. Ana macho mazuri kuliko yangu. Niliacha nakala ya ripoti, akaniambia niandike barua ya maombi, na mtoto naye aeleze kwa maneno yake anachohitaji.

Usiku ule nilitafuta wengine wanafanyaje. Mitihani ya Cambridge ina utaratibu wa kumwongezea mtahiniwa kama huyu muda, kawaida asilimia 25. Lakini lililonisimamisha ni kanuni ya mabaraza ya mitihani ya Uingereza kuhusu karatasi zinazopima kusoma kwenyewe. Kwenye karatasi hizo, mtahiniwa haruhusiwi kuwa na mtu wa kumsomea. Kompyuta ya kusoma anaruhusiwa.

Nilirudia aya hiyo mara tatu. Mtu akikusomea, wamesema, umesomewa. Ukiiendesha kompyuta mwenyewe, ukaisimamisha, ukairudisha, ukachagua pa kusikiliza, hiyo kazi ni yako. Kumbe wenzetu nao walikaa kwenye meza wakabishana juu ya neno la Shangazi, wakalipatia mpaka. Sina hakika kama mpaka wao uko mahali sahihi. Shangazi nilimtumia kwa ujumbe wa sauti, maana miwani yake ilikanyagwa na mjukuu. Alijibu baada ya siku mbili: "Nimesikia." Hakuongeza kitu. Kwa anayemjua Shangazi, hilo si jambo dogo.

Mistari mitatu

Barua yangu niliimaliza kwa dakika ishirini. Ilibaki ya Babu.

Nilimwambia aiseme kwenye simu, nitaichapisha. Akakataa. Akachukua karatasi ya mistari na kalamu ya bluu, akaenda kukaa kibarazani baada ya alasiri. Nilimchungulia mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa ameandika tarehe. Adhana ya magharibi ilipoanza akaingia, akaiweka mezani, akaenda kuoga.

"Mimi ninasoma kwa masikio na kwa macho. Kwa macho ninachelewa lakini ninafika. Naomba mda."

Mda. Nusu ya Tanzania inaandika hivyo, wakiwemo watu wenye ofisi. Nilifungua droo, nikatoa kalamu ya bluu ya aina ileile, nikaitafuta nafasi ya kupenyeza "u". Ilikuwepo. Alikuwa ameandika herufi zake mbalimbali, kama zile ninazomchapishia.

Maji yalikuwa bado yanamwagika bafuni. Nikairudisha kalamu, nikaikunja barua na kuitia kwenye bahasha.